Puto Lisilo na Kibali

Kwa furaha na taadhima kubwa, Kurugenzi ya Hali ya Hewa ilitangaza nafasi za utafiti wa likizo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu wanaosomea sayansi ya anga. Mimi, Naibu Mkurugenzi wa Uratibu, ndiye niliyeandika tangazo. Nafasi zilikuwa nyingi. Bajeti ilipochujwa, ikabaki moja.

Aliyeipata ni binti wa mwaka wa pili, mwembamba, mwingi wa maswali. Tulimpangia kuchunguza mawingu katika chumba kisicho na dirisha, maana madirisha ni stahili ya wakuu wa idara.

"Shikamoo mzee. Naomba kurusha puto," aliniambia. "Linabeba kifaa cha kupima joto na unyevu huko juu na kutuma vipimo kwa redio. Bila hivyo sina utafiti, na chuoni watanifelisha."

"Marahaba. Litatoka nje ya uzio?"

"Litapanda juu, mzee."

"Basi linahitaji kibali cha safari. Litarudi lini?"

"Halirudi. Linapasuka."

Nilikataa kwa masikitiko. Mali ya umma haisafirishwi ili ikapasuke. Tangu hapo ofisi nzima ikamwita Binti Puto.

Siku ya kilele, Waziri alikuja kufunga mradi huo wa utafiti uwanjani. Utabiri wetu, uliopitishwa na kamati, ulisema jua. Waziri mwenyewe ndiye aliyeliomba.

Asubuhi hiyo binti alinijia mbio, anahema. "Mzee, nimelirusha! Mpishi wa kantini kanisaidia kulijaza gesi. Unyevu huko juu si mchezo. Mchana itashuka mvua ya kufa mtu. Waingizeni wageni ndani."

"Umerusha bila kibali?"

"Mzee, mama yangu yuko pale uwanjani!"

"Mama yako ni mgeni mwalikwa. Atapata jua kama wenzake."

Akaondoka amenuna. Kumbe alikwenda kuwanong'oneza wageni. Wakaanza kuchomoka mmoja mmoja kuelekea kantini, eti wana kiu. Hotuba ilipopamba moto, tuliobaki ni wakurugenzi watupu, tukipiga makofi kwa niaba ya wananchi.

Mvua ikamwagika. Hatukusogea, tungeukimbiaje utabiri wenye saini zetu? Aliyekimbia wa kwanza ni Waziri.

Kantini tulikuta watu wakavu, na binti amesimama juu ya benchi akiwaeleza jinsi wingu linavyojijenga. Mama yake akampisha Waziri. "Kaa hapa, mwanangu. Umelowa chapachapa."

Waziri akajikamua tai. "Binti, itakatika saa ngapi?"

"Saa kumi, mheshimiwa."

Akanigeukia. "Na wewe?"

"Mheshimiwa, Kurugenzi inalifanyia kazi."

Kantini nzima ikaangua kicheko. Mpishi alishika meza asianguke. Saa kumi ikakatika.

Sasa kila likizo Binti Puto anaongoza utafiti, nami nimeteuliwa kuwa msaidizi wake. Wajibu wangu ni kupanda paani kushughulikia kipimo cha mvua, chombo kinachokinga maji, nami kila asubuhi nakiacha kitupu na safi. Jana aliniita pembeni, kwa heshima zote.

"Mzee wangu," akasema, "maji yale tunayasoma kwanza, ndipo tunayamwaga."