Tarikhi ya Kona na Kigingi cha Marehemu Baba

Sogeeni, enyi mliokaa na mliosimama, enyi mlioinjika sufuria na mliokwisha kuziunguza. Fungeni vinywa, tegeni masikio, kwani leo yasimuliwa habari ya vita ambavyo damu haikumwagika ila ya kidole kimoja, nacho kilibanwa na bolti. Ni habari ya shujaa aliyeyaamuru majeshi ya angani yashuke kumsaidia kupanda maharage.

Shujaa huyo, Mshika Usukani Asiyeushika, Mpanda Trekta Mikono Mapajani, nyumbani aliitwa Kona. Taji la jina hilo alivikwa na dada yake mkubwa msimu uliopita, alipofunga kwenye trekta mtambo wa kulifanya lijiongoze kwa setilaiti. Sasa jueni kwamba setilaiti, pamoja na utukufu wake wote wa kukaa juu kuliko ndege, husema uongo kidogo: hukuambia uko hapa, kumbe uko hatua mbili kule. Lazima awepo wa kuisahihisha. Kona, kwa hekima isiyopimika, alichagua masahihisho ya bure yashukayo kutoka angani bila kuombwa, nayo yaliupunguza uongo ukabaki wa futi moja tu. Akapanda nusu ya shamba Jumatatu na nusu Jumanne, na mistari ya Jumanne ikaja imesogea futi nzima, kama iliyokata kona; ndiko jina lilikotoka. Siku ya palizi, majembe ya trekta yalipita palepale ambapo mtambo uliapa hapana mmea, yakang'oa mistari kumi na minne ya maharage kwa unyoofu wa kupendeza.

Dada, ambaye kwa miaka ishirini alilima kwa jicho lake tu, hakupiga kelele. Alichomoa ufunguo wa trekta, akaufunga kwa uzi, akauvaa shingoni.

"Msimu huu nakuazima ufunguo wa akiba mpaka Alhamisi," alimwambia kupanda kuliporudi. "Mistari ya leo na ya kesho isipolingana, unarudi bandani kwa kuku, na trekta naendesha mwenyewe."

Kuku hawakumtisha Kona. Kilichomuuma, na kilimuuma hasa, ni kwamba dada aliyemfundisha kutembea hakuweza tena kumwaminia hata mstari mmoja wa maharage.

Basi likaitishwa baraza la vita katika stoo, mbele ya fundi wa mitambo na mke wa shujaa.

"Enyi majemadari wa stoo hii!" Kona alinguruma, amesimama juu ya gunia la mbolea. "Saa imewadia! Je, tuyatwae masahihisho yapitayo kwenye mtandao wa simu, au tusimamishe kituo chetu wenyewe, kikae uwanjani kikizisuta setilaiti kwa redio mchana kutwa?"

"Shuka kwenye mbolea," mkewe alisema.

"Ya simu ni safi, kosa lake halizidi vidole viwili," fundi alisema. "Ila kule bondeni simu inashika?"

Haikuwa ikishika tangu simu ziwepo, na Kona mwenyewe hupanda kichuguu ili apate kupiga. Lakini shujaa gani husikiliza fundi? Jumanne akaingia vitani na simu yake, akashuka bondeni mikono mapajani, na katikati ya bonde trekta likasimama likilia pii, pii, pii, hata Dada akalisikia kutoka jikoni.

Jumatano, kwa mbwembwe zilezile, akasimamisha kituo chake. Kilikuwa chombo cha ukubwa wa sahani juu ya fimbo, na fimbo hiyo aliichomeka katika ndoo ya mchanga katikati ya uwanja. Kazi ya kituo ni moja: kukaa mahali pamoja, kujua mahali hapo, na kulitangazia trekta setilaiti zimedanganya kiasi gani. Asubuhi mistari ikatoka imenyooka hata Kona akaimba. Akaenda kula.

Aliporudi, trekta liliondoka kwa heshima zote, likaipita alama ya tairi ya asubuhi na kuelekea moja kwa moja kwenye tuta la mchicha la Dada, bila haya wala wasiwasi. Hapo, wasikilizaji, ndipo Mshika Usukani Asiyeushika alipoushika usukani. Akakanyaga breki, mchicha ukasalimika kwa kiganja kimoja, naye akakimbilia nyumbani.

"Nani amethubutu kukigusa kituo cha majeshi?"

"Ile ndoo?" mkewe aliuliza, ufagio mkononi. "Nimeisogeza. Nilikuwa nafagia."

Hatua mbili tu. Kituo, kikidhani kingali pale pale, kilikuwa kimelisogeza shamba zima hatua mbili, bonde na mchicha pamoja.

Kona akaketi juu ya ndoo. Katika nyumba ile kila kitu husogezwa: viti, mitungi, mbuzi, hata ahadi. Kitu kimoja tu hakijawahi kusogea, nacho ni kigingi cha chuma alichokipigilia marehemu baba yao mwanzo wa shamba, ambacho Dada hufumba jicho moja na kulenga kwacho kabla ya kulima. Hakuna aliyewahi kutundika hata kofia pale.

Akaenda kwa Dada na hotuba ndefu kichwani. Alipomfikia, hotuba ikayeyuka.

"Dada, kituo changu kinataka mahali pasiposogea. Naomba kigingi cha baba."

Dada aliugeuza ufunguo shingoni.

"Ukikipinda, nakupinda wewe."

Jioni hiyo kidole kikabanwa na bolti, damu ya kihistoria ikatoka, chombo kikakaa juu ya kigingi. Kona akauanzisha mtambo upya na kuurekebisha mpaka tairi likarudi kwenye alama ya asubuhi. Akapanda mistari sita, akazima.

Alhamisi asubuhi Dada alikuja na kijiti kilichokatwa kwa upana wa mistari. Kona akapanda mstari mmoja, mikono mapajani. Dada akakilaza kijiti kati ya mstari wa jana na wa leo. Kikaingia sawasawa. Akapima bondeni, kikaingia. Akapima kando ya mchicha, kikaingia.

Iandikwe basi, na vizazi vijue, kwamba siku hiyo, saa tatu na robo, maharage yalikaa kando ya maharage wenzao, na dunia haikuwa tena kama ilivyokuwa, isipokuwa kwa kuku, ambao hawakuambiwa.

Dada akavua ufunguo shingoni.

"Shika. Jina linabaki, Kona."

Kisha akaenda kusimama nyuma ya kigingi, akafumba jicho moja, akaufuata ule mstari mpaka mwisho wa shamba. Baba yao, enzi za uhai wake, hakuwahi kuuona mstari akakosa kasoro ya kuusema.

"Huu," Dada alisema taratibu, "baba asingesema kitu."