Mizani Miwili, Mishahara Miwili

Jumatatu, 10 Machi
Odilia anakusanya saini! Yeye anapima mpunga mzani wa kushoto, mimi wa kulia, hapa kwenye mashine ya bosi wetu, Mzee Apolinari, Viwanja Sitini. Barua inakwenda kwa mbunge: sheria ya mishahara iongezewe meno, mwajiri anayelipa tofauti kwa kazi ileile aadhibiwe. Wanawake wanaopepeta wameshasaini wote. Nikasaini. Kisha nikawaza. Mbunge anakuja Jumamosi. Atakayeikabidhi barua atapigwa picha. Na Oktoba kuna udiwani!

Jumanne, 11 Machi
Nimemshawishi Odilia niwe msemaji. Nilimwambia waheshimiwa husikiliza mtu mwenye tai. Akacheka sana, akakubali, ila akasema barua inataka ushahidi. Nikajitolea! Tuambatanishe salari slipu zetu, yake na yangu, tuzisome mbele za watu. Najua kitakachoonekana. Bosi na Odilia wote ni wa Mahenge. Lazima anapendelewa.

Alhamisi, 13 Machi
Nimenunua tai ya mtumba, nyekundu. Nimefanya mazoezi ya hotuba uani. Mke wangu Levina ameuliza naonewa kiasi gani hasa. Nikamwambia asubiri, Ifakara nzima italia.

Jumamosi, 15 Machi
Ukumbi wa kanisa ulijaa. Nikasoma slipu yangu kwa sauti ya uchungu: laki nne na nusu. Nikafungua ya Odilia.
Laki tatu.
Nikadhani nimekosea. Nikarudia. Laki tatu! Mama mmoja akauliza Odilia ana muda gani kazini. Miaka tisa. Na mimi? Miwili. Nani alinifundisha kusoma mzani? Odilia huyohuyo. Odilia mwenyewe alikuwa hajui kwamba namzidi. Alinitazama tu, na hapo kweli niliona aibu.
Mbunge akauliza, “Sasa wewe kijana, unalalamikia nini?”
Nikasema, “Mheshimiwa, nalalamika kwa niaba yake.”
Makofi! Vigelegele! Mzee Apolinari, nyuma kabisa, akainamia simu yake.

Jumapili, 16 Machi
Picha zimetoka. Mbunge alitaka barua kutoka kwa Odilia, basi Odilia anakabidhi, mbunge anapokea. Mimi nimekatwa. Imebaki ncha ya tai.

Jumatatu, 17 Machi
Bosi ametuita. Nilijua ananishusha mshahara. Kumbe anampandisha Odilia, laki nne na nusu kuanzia mwezi huu, na wapepetaji watalipwa sawa na wanaume wanaobeba magunia. Alisema hataki kuulizwa tena na mheshimiwa mbele ya kanisa zima. Odilia alinishika mkono, akanishukuru. Alisema nilikuwa jasiri kujianika vile. Nikamwambia ndivyo nilivyopanga.

Jumatano, 19 Machi
Odilia ameitwa Dodoma! Ataieleza kamati ya Bunge kwa nini sheria ilivyo sasa haitoshi. Siku nne. Mizani yote miwili ni yangu.
Nikamwendea bosi, shikamoo mzee, nikaomba posho ya kufanya kazi ya watu wawili. Akauliza: Desemba, nilipokwenda Malinyi wiki tatu kuvua samaki, Odilia si alishika mizani yote miwili? Nikasema ndiyo. Alilipwa chochote? Nikasema hapana, wala hakuomba. Nikaongeza kwamba mimi ni baba wa familia. Bosi akanikumbusha Odilia ana watoto wanne.
Nikamwambia hilo ni jambo tofauti kabisa. Kesho namwandikia mbunge.