Blogu ya Mwalimu Mbuyu na Dote ya Shekina

Jumatatu, 7 Julai

Baridi asubuhi, vumbi mchana. Blogu yangu ina mwezi mmoja na msomaji mmoja, ambaye ni mimi. Si jambo la kunihuzunisha. Leo nimesoma kwenye mtandao kwamba mwenye blogu lazima achague uwanja wake: jambo moja analolijua kuliko wengine, na aandike hilo tu. Kumbe tatizo langu ni hilo. Nimefundisha historia na jiografia maisha yangu yote ya kazi. Najua mambo mengi mno.

Nimeanza na uwanja wa mawe. Makala: kwa nini jiwe la mgodi wa Mutoshi ni la kijani. Ndefu, safi, ina utangulizi. Nikamsomea Mama Mignonne, mke wangu, alipokuwa anachambua maharagwe. Akasema kila mtoto wa Kolwezi analijua jiwe la kijani, na anayelichimba hana nafasi ya kusoma habari zake. Nikamweleza polepole kwamba kujua na kuelewa ni mambo mawili. Akaniuliza kama naelewa kwamba nimekalia ungo wake.

Kero ya siku: Tshiamala. Jirani yetu hapa Dilala, karani mstaafu, asili yake Kasai. Naye ana blogu. Anaandika kitu kimoja: umeme umekatika, umeme umerudi. Mtaa mzima unamsoma. Hiyo ni kazi ya balbu, si ya mwandishi.

Jumanne, 8 Julai

Uwanja wa pili: historia ya nyumba zetu za kampuni. Nani alipewa nyumba ipi zamani, na kwa sababu gani. Wasomaji wakapatikana saa ileile. Yaani Mama Ntumba wa nyumba ya kona. Alisimama langoni akitaka kujua nani kanituma kuandika kwamba marehemu mume wake alipewa nyumba kubwa kwa kucheza mpira, si kwa kufanya kazi. Nikamweleza kwamba historia haiombi ruhusa. Naye akanieleza mambo ya ukoo wangu, kwa sauti ya kufika barabarani. Makala nimeifuta. Uwanja wa historia umefungwa kwa muda.

Jioni kikao cha familia kwa mdogo wangu Mwamba. Jumamosi wanakuja wakwe kutoa dote, yaani mahari, ya Shekina, binti yake. Kwa asiyejua mambo haya: siku ya dote baba wa msichana hafungui kinywa. Kila upande una msemaji wake, na wasemaji ndio wanaopambana. Kwa Mwamba hiyo si adhabu. Anafanya zamu kule mgodini Kingamyambo na hata nyumbani hasemi. Msemaji wa familia ni mimi, kama siku zote. Msemaji wa upande wa mvulana, nasikitika kuandika, ni Tshiamala. Mvulana mwenyewe, Ngeleka, ni mtoto wa marehemu kaka yake.

Jambo lenyewe ni la haraka. Ngeleka amepata kazi Kasumbalesa, anaanza wiki ijayo. Mambo yakiisha Jumamosi, wanakwenda wawili. Yakiharibika, anakwenda peke yake, na Kasumbalesa ni mpakani, vijana wanaokwenda huko huchelewa kurudi. Shekina amemngoja tangu mama yake Ngeleka alipougua, halafu tena karakana aliyofanyia kazi ilipofungwa. Alinishika mkono mlangoni, mimi baba yake mkubwa. "Tata mukubwa, tafazali. Usirefushe maneno."

Nimemtuliza. Nimemweleza kwa nini hana haja ya kuogopa. Nilipomaliza kueleza, alikuwa ameshaingia ndani.

Jumatano, 9 Julai

Nimeupata.

Nilikuwa nanyoa ndevu. Nikajiuliza: Mbuyu, ni kitu gani unakijua ambacho hakuna mtu mwingine amekiandika? Dote. Nimesema kwenye dote za nusu ya Dilala. Vijana wanaoana bila kuelewa kinachotendeka mbele ya macho yao. Uwanja mtupu, na mimi nimesimama katikati.

Nimeandika mfululizo hadi chakula kikapoa. Kichwa: Siri za msemaji wa upande wa msichana. Nimefafanua kila hatua. Kwanza, wakija, tunasema msichana wa jina hilo hatumjui, ili watangulize sifa. Halafu tunadai mbuzi wanne, ingawa wawili wanatutosha na wa tatu hatuna pa kumfunga. Halafu tunakataa blanketi analoletewa mama wa msichana. Tunasema ni jepesi, hata likiwa zito. Na mwisho, somo gumu kuliko yote: wakwe wakichoka wanasimama kama watu wanaoondoka. Msemaji asitishike. Lakini asiwaache wavuke lango, maana chakula kimeshaiva na msichana anasikiliza dirishani. Kabla hawajashika komeo, awaite, aseme tumesahau kuwapa maji. Baada ya maji kila kitu kinalainika, na hao mbuzi wawili wanapokelewa kwa shangwe.

Majina nimeyaficha yote. Mimi si mtoto. Nimeandika tu "familia moja ya Dilala, Jumamosi hii."

Alhamisi, 10 Julai

Wasomaji wengi. Nimefungua simu nikadhani si yangu. Na si kusoma tu, wanauliza maswali, tena ya akili. Mmoja ameuliza blanketi liwe zito kiasi gani ndipo msemaji aone aibu kulikataa. Mwingine ameuliza kama kweli msemaji huita watu kila mara kabla ya lango, au huwa anaacha. Nimejibu kila mmoja kwa ukamilifu. Kila mara, nimeandika. Sijawahi kuona akiacha.

Hata Mama Yolande, mama yake Ngeleka, alinisimamisha sokoni kunisifu. Alisema mwalimu, unaandika wazi sana, mpaka mtu unaona kama umekaa ndani ya nyumba yenu. Mwanamke mwelewa. Shekina amepata mama mkwe mzuri.

Nimemtumia Tshiamala makala mwenyewe, ajue blogu ni kitu gani. Amejibu kwamba anaisoma kalamu mkononi. Nilijua itamuuma.

Ijumaa, 11 Julai

Mama Mignonne amerudi sokoni bila kununua kitu. Akauliza kama ni kweli nimeitia Jumamosi yetu ndani ya simu za watu. Nikamweleza tofauti kati ya nadharia na vitendo. Nikamwambia kocha anaweza kueleza mbinu zake redioni na timu yake ikashinda vilevile. Akatundika kikapu kitupu ukutani. Nimelichukulia kuwa ni kukubali. Alijifunga kikwembe cha pili, kitenge cha kutokea, akatoka, upande wa kwa Mama Yolande.

Baadaye Shekina akaja mbio, jasho usoni. "Tata mukubwa, kwa Ngeleka balishasoma yote. Hata bibi yao asiyeona, balimusomea." Anataka kesho nibadilishe hatua zote: nisikatae blanketi, nisiseme mbuzi wanne, nisahau lango.

Nimemweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Kwanza, mbinu ni mbinu, haibadilishwi usiku wa kuamkia mtihani. Pili, nikifanya tofauti na nilivyoandika, nitakuwa nimewadanganya wasomaji. Mwandishi ana deni kwa wanaomwamini. Shekina akasema wanaomwamini hao ndio wakwe. Nikasema hasa, ndiyo maana siwezi kuwadanganya. Akakaa chini kwenye ngazi akaziba uso. Ni hisia za bibi harusi. Kawaida.

Jumamosi, 12 Julai

Nitaandika kwa utaratibu.

Hema kwenye kiwanja cha Mwamba. Viti pande mbili. Tshiamala amevaa suti ya kijivu na miwani anayoivaa akitaka kuonekana amesoma. Nikafungua kwa ufasaha: msichana wa jina hilo hapa hatumjui.

Akasema ndiyo, wanafahamu kwamba hatumjui. Watangoja kidogo mpaka tumkumbuke. Wageni wakacheka. Wa upande wetu pia.

Nikadai mbuzi wanne. Akasema wawili, wamefungwa nje, tena wamechagua wawili kwa kutuonea huruma, maana wa tatu tungemfunga wapi. Wakaleta blanketi. Limebebwa na vijana wawili, kila mmoja upande wake, kama wanahamisha kabati. Nililipapasa. Lilikuwa zito kupita blanketi lolote nililowahi kuligusa. Nikasema ni jepesi. Mwamba, ambaye hasemi, alicheka mpaka akakohoa.

Ndipo Tshiamala akasimama, kabla hata hatujabishana. Akasema wamechoka, wanaondoka. Halafu akaniinamia: "Tutatembea mpole, mwalimu. Usikimbie, utaanguka."

Wakatembea. Sijawahi kuona watu wakitembea taratibu vile. Wazee mbele, mama nyuma, kila baada ya hatua wanageuka kunitazama. Kiwanja kizima kinanitazama. Mtu nyuma yangu akanong'ona maji, mwalimu, sema maji.

Hapo nikauona ugumu wa kazi ya uandishi. Nikiita, wameshinda kwa makala yangu mwenyewe. Nisipoita, makala yangu ni ya uongo. Nilihitaji muda wa kufikiri. Nikanyamaza. Tshiamala akafika kwenye komeo, akalishika, akangoja. Akakohoa. Akakohoa tena, kwa mshangao safari hii. Akafungua. Wakatoka wote, na lango likajifunga.

Dirishani Shekina alianza kulia, na si kile kilio cha desturi.

Lakini hawakuondoka. Teksi-moto, pikipiki zilizowaleta, zilikuwa zinangoja na hakuna aliyepanda. Tshiamala hawezi kurudi bila kuitwa, mimi siwezi kuita. Chini ya lango niliona viatu vyake, vimesimama. Nadhani naye aliviona vyangu.

Sijui tungesimama mpaka lini. Mama Mignonne akatoka jikoni na sufuria ya bukari, yaani ugali, kichwani, na mama yake Shekina nyuma yake na samaki. Wakanipita. Wakafungua lango. Tshiamala akauliza, kwa matumaini niliyoyasikia wazi, kama wanaitwa. Mke wangu akasema hakuna anayemwita mtu. "Mu kiwanja munajaa maneno, hakuna hata fasi ya kutia sahani. Sisi banamuke tutakulia huku inje."

Mama Yolande alikuwa na maji ya kunawa tayari. Wakati gani aliyapata, na kwa nani, sielewi mpaka sasa.

Basi tukala barabarani. Familia mbili, waendesha teksi-moto, mbuzi katikati wakinusa bukari. Shekina akatoka. Bibi harusi hatoki, nilitaka kueleza hilo, lakini alikuwa ameshafuta uso na kumpakulia Tshiamala. Akamuuliza mbele ya watu wote kama mbuzi wawili na blanketi ndilo neno lake la mwisho. Akasema ndilo. Shekina akanigeukia. "Na weye, tata mukubwa?"

Nikaanza kueleza.

"Tumekubali," akasema Mwamba.

Baba wa msichana, siku ya dote, kinywa wazi. Vigelegele vikafunika pingamizi langu lote. Ngeleka akakaa chini palepale kwenye vumbi, na suruali yake mpya, kama mtu aliyekatiwa kamba.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa familia ilikaa tena. Wameona kwamba nimetumika miaka mingi bila kupumzika. Tangu leo msemaji atakuwa Kisimba, mjomba wa Shekina, mtu mwenye kigugumizi. Walipiga makofi kabla sijashukuru. Nimeguswa kwa jinsi wanavyonijali.

Shekina na Ngeleka wamekuja kuaga. Wanakwenda Kasumbalesa pamoja. Shekina amenikumbatia akanishukuru kwa kunyamaza pale langoni. Alisema ingawa nilikuwa karibu kumfukuza mume wake, ilikuwa mara yake ya kwanza kunisikia kimya, na hataisahau. Maoni ya msomaji. Nimeyanakili.

Jambo jingine limezuka. Jana barabarani mtoto wetu wa mwisho, Kabamba, alikula sahani moja na Kanku, binti wa Tshiamala. Leo ametuambia kwamba si sahani tu, na kwamba mwezi wa Septemba anataka twende kubisha hodi kule kumposa. Mama Mignonne amefurahi. Kisha amefunga dirisha, akaniomba jambo hili libaki ndani ya nyumba. Ameniomba mara mbili. Nimemwambia anajua mimi ni mtu wa namna gani. Amesema ndiyo, anajua.

Jumanne, 15 Julai

Siku mbili za kutafakari. Nimepitia yaliyotokea kwa jicho la mwalimu, na nimeliona kosa.

Kosa ni kwamba niliandika upande mmoja tu.

Siri za upande wa msichana sasa Dilala nzima inazijua, uwanja huo umeshalimwa. Lakini upande wa mvulana? Hakuna aliyegusa. Na safari hii upande wa mvulana ni sisi. Nimeanza asubuhi na inatiririka yenyewe: zawadi ipi itangulie, ipi ifichwe kwanza kwa jirani, kiasi gani tuko tayari kuongeza tukibanwa, na jinsi ya kutembea kuelekea langoni bila nia yoyote ya kuondoka. Majina nimeyaficha. Nimeweka tu "familia mbili za Dilala, mwezi wa Septemba."

Makala ya namna hii inahitaji kusahihishwa na mtu mwenye uzoefu kabla ya kutoka. Nimefikiria watu wote ninaowafahamu, na mwenye uzoefu wa karibuni ni mmoja. Nimeweka ugomvi pembeni nikamtumia Tshiamala.

Amejibu papo hapo. Anasema nisiharakishe, niandike yote, nisiache kitu.

Mtu huyu amebadilika sana.