Nilimwita Marehemu, Akaja Dereva

Jumamosi, kiangazi. Leo nimeumbuka. Nimepoteza kitambaa chekundu, ngozi ya kiwiko, na heshima yote niliyokuwa nayo Gashoho. (Haikuwa nyingi. Lakini ilikuwa yangu.)

Wengi katika kundi hili la simu tulikuwa pamoja kambini, ukimbizini Tanzania, kwa hiyo mnanijua. Kwa wageni: mimi ni Gaspari, fundi cherehani wa Magarama, hapa Gitega, na mpiga ngoma. Kaka yangu Deo naye alikuwa mpiga ngoma. Tulimzika mvua zilipoanza. Kwetu aliyefiwa hashiki ngoma mpaka siku ya kuganduka, ndiyo siku ya kumaliza matanga, na sisi tumeganduka wiki iliyopita. Leo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kurudi.

Miezi yote hiyo nilikaa. Watu wakaniletea maharage. Nikayala. Sahani ikiwekwa mbele ya mtu mwenye huzuni, hana nguvu ya kubishana nayo.

Kwa hiyo asubuhi ya leo vazi langu la ngoma lilikataa kunizunguka. Nikachukua la Deo, kitambaa chekundu cha kujizungushia. Deo alikuwa mpana, vazi lake likawa kubwa. Fundi cherehani mwenye akili angelitia pini. Mimi nilichomeka pembe ya kitambaa kiunoni, nikasema inatosha. Ndani nilivaa bukta ya njano yenye picha za mananasi, zawadi ya mke wangu. Naomba muikumbuke hiyo bukta.

Sasa niwaeleze utaratibu, maana bila huo hamtaelewa aibu yangu. Ngoma zetu zinasimama nusu duara, na moja inasimama peke yake katikati. Mtu anatoka kwenye ngoma yake, anacheza mbele ya ile ya katikati, anaipiga, anaruka. Akimaliza, anamnyooshea mwenzake fimbo zake mbili. Yule aliyenyooshewa anakuja kumpokea. Ngoma ya katikati haiachwi peke yake wakati nyingine zinalia. Ukiwa pale, uko pale mpaka upokewe.

Mimi nilikuwa nikipokewa na Deo. Tangu tukiwa watoto, tukipiga madumu ya maji kambini mpaka mama zetu wanatukimbiza, aliyenipokea ni Deo. Na tulikuwa na mtindo wetu. Akifika, mimi naruka, yeye anaruka, mabega yanagongana hewani. Watu walikuwa wanaupenda sana.

Asubuhi, tukipakia ngoma kwenye lori, Mzee Bukuru, kiongozi wetu, alinivuta pembeni.

"Gaspari, leo nani atakupokea?"

"Tutaona huko huko, Mzee."

"Huko huko wapi? Mtaje Pasikali. Amesimama ubavuni kwa Deo miaka yote, anajua kila kitu."

"Tutaona, Mzee."

"Sikiliza. Wewe ndiye ndugu. Usipotaja mtu, hakuna atakayeingia. Nafasi ya mtu hairukiwi kama mfereji." Akaniangalia vazi, akaniangalia tumbo. "Na anayeingia katikati bila wa kumpokea, atapokewa na ardhi."

Niseme ukweli. Pasikali hana kosa. Anaruka vizuri, hana maneno mengi, na anapatana na kila mtu. Shida ilikuwa kwangu. Mdomo utakaomtaja Pasikali, mdomo huo huo utakuwa umesema kwamba Deo haji. Nilikwisha kulisema hilo kwa padri, kwa shangazi zangu, na kwa jirani mmoja asiyesikia vizuri, ambaye ilibidi nimpigie kelele. Nilichoka kulisema. Nilitaka siku moja tu ya kutolisema.

Badala yake nikaipakia ngoma ya Deo kwenye lori. Juu yake nikaweka mirisho yake, zile fimbo mbili za kupigia. Tangu afe hakuna aliyezigusa isipokuwa mimi. Mzee Bukuru aliona, akaniachia. Aliyeuliza ni dereva.

Dereva anaitwa Abdu. Ni mtu wa Muyinga mjini, tumempata mwezi huu, na mwili wake ni kama mifuko miwili ya saruji iliyofungwa pamoja.

"Iyi ngoma ya mwisho ni ya nani?" akauliza. "Mutu yake iko wapi?"

Kila mtu akapata kamba ya kufunga.

"Basi. Mi nauliza tu, shefu. Lori ni ya kwenu."

Tukaenda. Gashoho walikuwa wanafungua soko jipya. Kulikuwa na hema la wakubwa, viti vyenye vitambaa vyeupe, na kinamama wa soko wamekaa juu ya magunia yao ya maharage wakingoja kuona kama hilo soko lina maana. Abdu alitangulia na ngoma ya Deo, akaisimamisha mahali nilipomwonyesha, ukingoni mwa hema. Sisi tukaingia kwa mstari, ngoma juu ya ngata kichwani, tukipiga. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Nilisikia hata kilio kimoja cha furaha. (Baadaye nilielewa ni mtoto aliyeogopa.)

Tukajipanga. Ngoma ya Deo ilisimama katika nafasi yake, haina mtu. Nyuma yake kulikuwa na kivuli cha hema, na kwenye kivuli hicho Abdu alikuwa amekaa chini na brosheti zake, mishikaki ya mbuzi. Nilimwona. Sikumjali. Kila dereva hutafuta kivuli.

Zamu yangu ikafika.

Niliogopa miguu imesahau. Haikusahau. Niliruka, nikazungusha mirisho shingoni, nikapiga ile ya katikati mpaka ikaitika kifuani. Nilifurahi, siwafichi. Nilicheza kama mtu aliyefunguliwa kamba. Halafu pumzi ikaanza kuisha, na mkono wangu, wenyewe, bila kuniuliza, ukanyoosha fimbo mbili.

Kwenye ngoma ya Deo.

Hakuna aliyekuja. Nani angekuja?

Ngoma za nyuma zinaendelea. Ya katikati haiachwi. Nikaruka tena. Nikatazama upande wa Pasikali. Macho yake yalikuwa makubwa, yanasema, nitaje basi, kaka. Nikamtazama Mzee Bukuru. Yeye alikuwa anatazama mbingu kama mtu anayesubiri mvua katikati ya kiangazi.

Nikanyoosha tena, na mkono ukaenda kule kule.

Hapo nikaishiwa na michezo. Nilikuwa nimeshaigiza kulima, nimeshaigiza kukamua ng'ombe, nimeshaigiza kuwinda. Nilibakiwa na kitu kimoja ninachokijua kwa mwili. Nikaanza kushona. Nilikanyaga cherehani ya hewani, nikatunga uzi kwenye sindano ya hewani, nikakata uzi kwa meno. Wapigaji wakanifuata kwa mdundo, watu waaminifu.

Kinamama wa magunia walikuwa karibu. Nilisikia kila neno.

"Uyu sasa anafanya nini?"

"Iko anashona."

"Anashona nini?"

"Suruali, labda. Muangalie nguo yake inavyoshuka."

Nikashika vazi kwa mkono mmoja. Nikashona kwa mkono mmoja. Jasho likaingia machoni. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Kugeuza fimbo kidogo tu kulia, hatua moja, alipo Pasikali. Nikanyoosha mara ya tatu.

Kule kule.

Sasa uwanja mzima ukageuka kutazama ninakonyoosha. Wakubwa wakageuka. Kinamama wakageuka. Na watu wote hao, wakiangalia juu ya ile ngoma isiyo na mtu, wakamwona Abdu, mdomo umejaa.

"We dereva," akasema mama mmoja, "iko unaitwa."

"Mi? Mi iko nakula."

"Amekuita mara tatu, sha. Na unamuona anavyoteseka. Anashona mpaka anakufa."

"Mi sijui ngoma, mama."

"Nani alikuuliza unajua? Umeitwa. Simama."

Abdu akasimama. Alichelewa kidogo, maana mwili wake husimama kwa awamu. Akajifuta mikono kwenye jezi yake ya mpira. Akaweka brosheti pembeni, juu ya jani, kwa heshima. Kisha akachukua mirisho ya Deo.

Nilitaka kusema hapana. Nilifungua mdomo. Ila pumzi niliyokuwa nayo ilitosha kuishi, haikutosha kusema.

Akaja. Alikuja na sandali zake, taratibu, kama mtu anayekwenda kukagua gurudumu. Na mwili wangu, ulipoona mtu anatoka mahali pale na fimbo zile mkononi, ukafanya kilekile ulichofanya miaka yote.

Niliruka, bega mbele.

Abdu hakuruka. Angejuaje? Yeye alisimama tu, akishangaa kuona mtu mzima anamjia akipaa hewani. Nilimpata tumboni. Tumbo lile halikusogea. Mimi ndiye niliyerudi nilikotoka, kwa mwendo mkali zaidi, na kitambaa chekundu kikabaki kwenye mkanda wake. Nikatua chali mbele ya safu ya kwanza ya viti, miguu juu, mananasi yote yakiwatazama wakubwa wa Gashoho.

(Mzee Bukuru alikuwa amesema ardhi. Hakusema itakuwa na mawe.)

Ngoma zikalegea. Abdu akainama juu yangu, akazuia jua lote.

"Pole, shefu. Sasa nipige wapi?"

"Popote," nikasema.

Akapiga. Alipiga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyo na hakika nayo. Pa. Pa. Wapigaji wakasikilizana, wakamfuata. Pa, pa. Alipoona inaitika, akapata moyo. Na alipoishiwa, naye akaenda kwenye kile anachokijua. Akashika usukani wa hewani. Akatia gia. Akapanda mlima, uso umekunjamana, mlio wa injini akiutoa mdomoni. Kisha akageuza shingo, akaanza kurudisha lori nyuma.

Hapo kinamama walitoka kwenye magunia.

"Rudi! Rudi, rudi, kata kushoto, rudi, iko mawe huko!"

"Simama, baba, utaua mtu wa mananasi!"

Nikageuka kumtafuta Mzee Bukuru. Alikuwa ameweka paji la uso juu ya ngoma yake, mabega yanatikisika. Nikasema moyoni, nimemliza mzee wa watu, nimeharibu kikundi. Kisha akainua uso kuvuta hewa, nikaona meno. Mzee alikuwa anacheka mpaka fimbo zimemwanguka. Ndipo na mimi, nikiwa nimekaa mavumbini na bukta, nikaanza. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Deo angekuwepo angekuwa wa kwanza kucheka, mpaka wambebe.

Baada ya sherehe mkubwa mmoja alimwendea Mzee Bukuru, akampa mkono.

"Mzee, ile sehemu ya dereva, ni mila ya zamani?"

"Ya zamani sana," akajibu Mzee, uso mkavu.

(Imeanza leo mchana.)

Tukapakia, tukarudi. Kitambaa chekundu hatukukiona tena. Abdu anasema kilikuwa kwenye mkanda wake alipokwenda kumalizia brosheti, baada ya hapo hajui. Kilikuwa cha Deo. Nimekiulizia mpaka kwa kinamama, wakaniambia kama ni suruali wangeniazima.

Njia nzima hakuna aliyenisema. Kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko matusi, kwa sababu kila baada ya mlima mmoja kulikuwa na mtu huko nyuma anayejaribu kutocheka na anashindwa kupitia puani. Pasikali alikuwa amekaa mbele yangu. Alitazama barabara tu.

Na kuna video. Nimeambiwa imeshafika Muyinga mjini, labda na kwenu imefika. Mtu wa mananasi ni mimi, sikatai. Mkicheka, mcheke kidogo, na msimwonyeshe mama mkwe wangu.

Jioni tumefika hapa Magarama. Abdu akazima gari, akateremka, akaja nyuma tulikokuwa tunashusha ngoma. Mkononi alikuwa na mirisho ya Deo. Alikuwa ameiweka juu ya dashibodi njia nzima, nami sikujua.

"Shefu," akaniambia, "wameniambia hizi zilikuwa za nani. Mi sikujua. Unisamehe."

"Hakuna kosa, Abdu."

"Basi nizirudishe kwa nani?"

Wote wakaacha kushusha. Mzee Bukuru alikuwa na kamba mkononi, akabaki nayo hivyo hivyo.

"Mpe Pasikali," nikasema. "Ndiye atakayenipokea."

Pasikali akajifuta mikono kwenye vazi, akazipokea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama kidogo. Kisha akanitazama mimi, akatazama chini kwenye bukta.

"Nitakuja, kaka. Bega nitaleta. Ila tumbo langu uliache."