Uzi Uliofungwa Kidoleni

Jumatatu, tarehe 6 Machi. Asubuhi mawingu, baadaye jua kali.

Leo shule imehamia sebuleni kwangu. Paa la shule linaezuliwa na mafundi, na muhula huu watoto watasoma nyumbani kupitia kompyuta. Kompyuta ni ya kaka yangu. Ametuazima kwa sharti moja: isikaribie chai. Nimeiweka juu ya meza yangu ya kukatia nguo, ile yenye magurudumu, karibu na dirisha, mahali ambapo mtandao una nguvu zaidi. Nyuma nimetundika pazia ili Mwalimu asione nguo za wateja. Mimi ni fundi cherehani. Rundo la nguo kwangu ni riziki, lakini kwenye kamera linaonekana kama tumekimbia mafuriko.

Kabla ya somo Mwalimu alizungumza na wazazi. Mtoto akae mbele ya kamera amevaa sare. Vipaza sauti vizimwe mpaka mtu aitwe. Majibu yaonyeshwe kwa kadi: A, B, C au D. Wazazi wasiwajibie watoto. Hapo kila mzazi kwenye kioo akatazama pembeni.

Halafu akaniomba nibaki. Binti yangu ana miaka kumi na hesabu yake inachechemea. Ijumaa kuna mtihani. Akishindwa atarudia darasa, wenzake waende mbele yeye abaki. Binti alikuwa mlangoni, akasikia yote. Alikwenda kuchonga penseli iliyokwisha kuchongwa.

Nikaapa palepale. Mtoto wangu harudii darasa nikiwa hai na nina cherehani.

Somo la kwanza lilichelewa kwa sababu ya mama mkwe. Alikuwa anapita nyuma ya Binti, akaona nyuso zimejaa kwenye kioo, akashangaa wageni wote hao wameingia nyumbani na hakuna aliyewasalimia. Akavuta kiti. Akaanza na mtoto wa juu kushoto: hujambo, mama hajambo, huyo nyuma yako ni nani na mbona hanyoi ndevu. Watoto wote wakawasha vipaza sauti kwa pamoja, shikamoo bibi. Mwalimu alijaribu kumkatiza. Mama mkwe akamuuliza na yeye ni mtoto wa nani.

Nimelala saa nne.

Jumanne, tarehe 7. Mvua tangu alfajiri.

Usiku nilishona kitambaa cha meza kinachofika sakafuni. Asubuhi nikaingia chini ya meza. Ndani mna joto na magoti ya Binti, lakini kazi ni kazi.

Swali la kwanza: pazia moja linahitaji mita mbili za kitambaa, mapazia matatu yanahitaji mita ngapi. Nilifurahi sana. Swali la mapazia, kwa mtoto wa fundi! Nikanong'ona C, mita saba. Binti akasita. Nikamfinya. Akainua C.

Mwalimu akasema si sahihi, ni mita sita.

Nilikaribia kutoka chini ya meza nimweleze. Mita sita bila pindo? Pazia lisilo na pindo ni tambara. Aliyetunga kitabu hicho nyumbani kwake madirisha yako wazi.

Swali la pili nilinong'ona kwa nguvu zaidi kwa sababu ya mvua. Mwalimu akasimamisha somo. Akasema katika nyumba yetu kuna mwangwi unaotangulia sauti. Mama mkwe, ambaye sasa ana kiti chake cha kudumu kando ya Binti, akajibu kuwa ni panya. Mwalimu akasema basi panya huyo aambiwe jibu lake nalo si sahihi.

Baada ya somo nilitoka kupeleka nguo za mteja. Nilirudi nikamkuta mama mkwe bado anasalimiana na Mwalimu, Binti yuko katikati na kalamu mkononi. Nikajiuliza salamu gani hizo zinazohitaji kalamu. Lakini mama mkwe hakatizwi.

Wakati wa kula Binti akaniomba kwa adabu kesho ajaribu peke yake. Nimemwambia asikate tamaa, mimi mama yake sijakata.

Nimelala saa tano kasoro dakika kumi. Shingo inauma.

Jumatano, tarehe 8. Upepo, vumbi mpaka kwenye sukari.

Watoto wa Mama Pacha, jirani wa ghorofa ya juu, hujibu kila swali sawasawa. Wote wawili. Wakati wa mapumziko nilipanda kuomba chumvi, ili nione anatumia njia gani. Nilidondosha kijiko makusudi, nikainama kutazama chini ya meza yake. Hamna mtu. Ndara tu. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hewa, yeye huwasaidiaje. Akasema, dada, mimi nawaacha tu wajibu wenyewe, wakikosa wakose.

Hakuna mzazi anayefanya hivyo. Nikatazama dari. Lazima kuna kitu darini.

Nikiwa kwenye ngazi, bado nimeshika chumvi nisiyoihitaji, akili ikafunguka. Uzi! Upande mmoja ufungwe kidole gumba cha mguu wa Binti. Uzi upite sakafuni, chini ya mlango, mpaka chumbani kwangu nilipo na cherehani. Swali nalisikia vizuri kupitia mlangoni. Nikivuta mara moja ni A, mara mbili B, mara tatu C, mara nne D. Hakuna kunong'ona wala mwangwi.

Jaribio lilikwenda vizuri. Binti alilalamika kwamba anatekenywa, nikamwambia elimu haijawahi kuwa raha.

Katikati ya somo mume wangu akaamka kwenda msalani. Ni mlinzi wa usiku, mchana hulala akikoroma, na kwa siku tatu Mwalimu amekuwa akiuliza mashine gani inasaga kwetu. Uzi ukamkamata kifundoni. Naye hakusimama. Nikasikia kiti kikianguka sebuleni, kisha Mwalimu akiuliza Binti amekwenda wapi, mbona kimebaki kiganja tu. Mama mkwe akalitangazia darasa kwamba mtoto ameinama kuokota kitu.

Mume wangu aliutazama ule uzi kwa macho ya usingizi. Aliuliza tumeanza lini kutega wezi ndani ya nyumba. Kisha, kama mtaalamu, akasema wazo ni zuri ila mtego uko chini mno.

Kila mtu katika nyumba hii ana maoni. Nimelala saa nne na nusu.

Alhamisi, tarehe 9. Jua, hewa tulivu.

Nimefuata ushauri wa mlinzi. Uzi sasa unapita ukutani, ndani ya pete za pazia nilizozigongomea kwa misumari. Kwa mbali unaonekana kama urembo.

Binti akaomba aufunge mwenyewe. Nilifurahi sana. Nikamwacha, kwa kuwa mtoto anayejifungia uzi mwenyewe ameanza kupenda masomo. Akaingia chini ya meza, akakaa huko kidogo, akatoka anatabasamu. Mama mkwe naye akatabasamu. Nyumba nzima ikawa na amani ambayo sikuielewa.

Jambo la ajabu likatokea. Swali la kwanza nilivuta mara tatu. Binti akainua B. Na B ikawa sahihi. Swali la pili nilivuta mara nne, akainua C, na C ikawa sahihi. Mwalimu akamsifu mbele ya wote.

Nimelifikiria jambo hili nikiwa nashona vifungo, na nimepata jibu. Uzi ni mwembamba na njia ni ndefu. Mvuto mmoja unapotea njiani, kama maji kwenye bomba linalovuja. Bahati nzuri leo kupotea kwake kulituangukia vizuri, lakini mtihani hautegemei bahati. Kesho nitatumia kamba ya pazia, ile nene. Hiyo haipotezi kitu.

Mchana salamu za mama mkwe na Mwalimu zilichukua muda mrefu kuliko somo lenyewe. Nilipopita nilimsikia Mwalimu akimwambia Binti arudie tena, polepole, na mama mkwe akisema rudia mjukuu wangu, mimi sina pa kwenda. Sikuuliza. Nilikuwa natafuta kamba.

Kabla ya kulala Binti alikuja kwenye cherehani. Akaniuliza kama akirudia darasa nitamwonea haya. Nimemwambia hatarudia. Akasema hakuuliza hivyo. Nikamkumbatia kwa mkono mmoja, maana mwingine ulikuwa umeshika kamba.

Nimelala saa tano na robo.

Ijumaa, tarehe 10. Asubuhi ukungu, halafu sikutazama tena nje.

Siku ya mtihani. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, kamba nimeizungusha kiganjani mara mbili, mume wangu anakoroma nyuma yangu. Binti aliifunga mwenyewe kama jana.

Swali la kwanza nikavuta. Kamba ni nzito, ikanibidi niegemee nyuma. Swali la pili nikavuta zaidi. Swali la tatu jibu lilikuwa D, nikakanyaga ukuta kwa mguu na kuvuta mara nne kwa nguvu zote. Nikaona kamba inakuja. Nikadhani Binti amelegeza mguu. Nikaendelea.

Kumbe sebuleni meza inatembea.

Haya mengine nimesimuliwa. Meza iliondoka dirishani taratibu, na kompyuta juu yake. Darasa zima liliona dirisha likienda zake, kisha kabati, kisha picha yetu ya harusi. Binti aliinuka na kiti chake, akaifuata, akakaa, akainua kadi. Mama mkwe naye akabeba kiti chake. Meza ikisogea, nao wanasogea. Mwalimu akauliza mbona nyumba yenu inahama. Mama mkwe akamjibu, wewe soma swali mwanangu, sisi tunakufuata hukohuko.

Walimaliza swali la mwisho wakiwa wamefika mlangoni kwangu. Meza ikausukuma mlango. Ukafunguka. Nikajikuta natazamana na Mwalimu, watoto wote wa darasa na wazazi wao, nimekanyaga ukuta, kamba mkononi. Mume wangu akaketi ghafla, shuka mabegani, akaliambia darasa kuwa haruhusiwi mtu kupita.

Watoto wakamwamkia.

Mwalimu hakukasirika. Alisema amenisubiri tangu Jumanne, siku ya panya. Kisha akasema kwa upole kwamba kwa kuwa mama amehudhuria wiki nzima, si haki akose mtihani. Akaniomba nikae kwenye kiti cha Binti. Ningekataaje, mama mkwe ameshanifutia kiti kwa kanga yake.

Swali langu: bustani ya mstatili ina urefu wa mita kumi na upana wa mita tano; uzio wa kuizunguka ni wa mita ngapi. A, ishirini na tisa. B, thelathini. C, thelathini na moja. D, hamsini.

Nikahisi kitu mguuni. Nikatazama chini. Binti alikuwa chini ya meza, amefungua kamba kutoka mguu wa meza na kunifunga mimi kidoleni. Akavuta mara mbili, vizuri, bila haraka. Nikamtazama mtoto wangu kwa huruma. Wiki nzima ya mafunzo, na bado anasahau pindo.

Nikainua C.

Mwalimu akashusha pumzi. Akasema, mama, uzio hauna pindo. Pacha mmoja akacheka mpaka akakatika mtandao. Mama mkwe akanipapasa bega, akasema usijali mkwe wangu, utarudia.

Nimelala sijui saa ngapi. Saa nilikuwa nimeigeuzia ukutani.

Jumamosi, tarehe 11. Mvua nyepesi, hewa safi.

Matokeo yamekuja asubuhi. Binti amefaulu! Amekosa swali moja tu, lile ambalo meza ilipita juu ya zulia. Harudii darasa. Aliyasoma mara mbili mwenyewe, kisha akampelekea bibi yake ayashike, kisha akacheza sebuleni kwa mguu mmoja mpaka baba yake akaamka naye akacheza. Nimelia kidogo nikasingizia vitunguu, ingawa nilikuwa nashona.

Mama Pacha alishuka kutupongeza. Aliniambia, dada, kumbe na wewe ungemwacha tu. Nikamshukuru na kumsindikiza hadi mlangoni. Dari yake nitaichunguza siku nyingine.

Baadaye Binti akakaa karibu nami akaniambia ukweli. Tangu Alhamisi hakufunga kitu kidoleni; uzi na kamba vyote alivifunga mguu wa meza. Majibu yote yalikuwa yake, na zile salamu za mchana zilikuwa Mwalimu akimfundisha. Akaniomba nisikasirike.

Sikukasirika hata kidogo. Nilitulia nikalitafakari jambo lote kwa utaratibu, kama ninavyopima nguo ya mteja mgumu. Mtoto anafunga kamba kwenye mguu wa meza. Mimi navuta kamba. Mtoto anafaulu. Maana yake ni kwamba kamba hii ina nguvu kiasi cha kufanya kazi hata kupitia mbao. Kosa lilikuwa magurudumu tu. Nimeyang'oa.

Wiki ijayo kuna mtihani wa insha. Insha haina A mpaka D, ina herufi zote, kwa hiyo M ni mivuto kumi na mitatu. Itahitaji mazoezi. Leo ni zamu ya mume wangu kupumzika, basi alipolala nimemfunga kidole gumba nikajaribu sentensi fupi. Alinielewa mpaka herufi ya tano, kisha akapiga teke. Kesho nitafunga na mguu wa pili.

Nimelala saa sita kasorobo.