Mbwa Ameshiba, Bodi Bado

Jumatatu, 3 Juni
Naandika shajara hii kwa sababu moja tu: watakaoandika historia ya maisha yangu wasipate taabu. Leo Mjomba amenikabidhi mashine ya kutotolesha vifaranga kiwandani kwake. Taa ya kuyapasha mayai joto itaongozwa na programu yangu, ndani ya bodi, yaani kompyuta ya ubao mmoja, ndogo kama kiberiti, yenye kichakataji cha aina ya RISC-V. Ijumaa anaikagua. Ikifaulu, mimi ndiye mhandisi wa kudumu. Isipofaulu, nafasi ni ya Dada Solda, aliyenitangulia chuoni na ambaye hata chai huikoroga kwa bisibisi. Namhurumia mapema.

Jumanne, 4 Juni
Imewaka! Imezima. Imewaka! Imezima. Kabla sijamaliza kujipongeza, bodi inajiwasha upya. Dada Solda akachungulia begani mwangu, akauliza kama nimemlisha mbwa. Nikajibu, kwa heshima zote, kwamba bila shaka. Mbwa gani? Sikuuliza. Msomi haulizi mbele za watu. Lakini getini yuko mmoja tu, naye kwa kweli amekonda. Huenda anatafuna nyaya zetu. Nimempa soseji yangu ya mchana.

Jumatano, 5 Juni
Hali ya bodi ni ile ile. Nimeongeza mayai ya kuchemsha (kwa mbwa, si kwa bodi). Mlinzi wa getini ametaka kujua mpwa wa bosi yuko idara gani hasa. Dada Solda akarudia swali lake. Nikamwambia ameshiba hadi anasinzia. Akashangaa, akasisitiza kuwa lazima alishwe kila sekunde. Kila sekunde! Si atapasuka?

Ijumaa, 7 Juni
Aibu! Mbele ya Mjomba taa ilipepesa kama ya ukumbi wa dansi. Mbwa, ambaye siku hizi habanduki kwangu, akaingia hadi maabara na kukalia kiatu changu. Mjomba akauliza huyu naye kafuata nini. Nikaeleza, kwa ufasaha, mpango wangu wa lishe. Dada Solda akacheka hadi akaketi sakafuni. Kumbe “mbwa” ni jina ambalo mafundi huipa saa ya ulinzi iliyomo ndani ya bodi: programu isipoigusa kila mara (ndiko kumlisha), hudhani programu imekufa, ikaanzisha kila kitu upya. Dada Solda akaongeza mstari mmoja kwenye programu yangu. Taa ikatulia tuli. Mjomba akafuta machozi ya kicheko: “Mpwa wangu, elimu unayo, ulimi wa kuuliza ndio huna. Nakuongezea wiki moja, chini ya dada yako.”

Jumamosi, 8 Juni
Somo limeniingia: mhandisi bora hujiandaa mapema. Dada Solda ameniandikia kwamba programu yangu bado imejaa wadudu, tutawasaka pamoja, mstari kwa mstari. Nilikuwa na swali dogo. Nimelimeza. Nimenunua kopo kubwa la dawa ya kunyunyizia na barakoa mbili, yake ya rangi ya waridi. Tunakutana maabara Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi.