Pakeji Isiyomwita Mtu

Jumatatu, 4 Mei 2026

Josia, mwenzangu wa kazini, hajaniamkia tena. Na mimi ndiye mkubwa! Simwanzi salamu, ng'o.

Bosi wetu, Mama Mektilda, katangaza: Ijumaa wakulima wa pamba wa Nkoma wanakuja hapa Bariadi kuuona mfumo wao wa mtandaoni. Ukiwaka vizuri, mmoja wetu atakuwa mkuu wa mradi. Huyo ni mimi, Januarius. Nimeandika pakeji ya mizani, kipande cha programu kinachohesabu kilo; Josia kaandika ya majina ya wakulima. Yangu huiita yake ipate majina. Basi leo, alipoenda kula, nimeipachika yake mstari mmoja, iiite yangu kwanza kabla haijaanza. Asiwashe kitu bila mimi! Nimejistaajabia.

Jumanne, 5 Mei

Ukurasa mweupe. Hakuna hata herufi. Nimeutazama kwa heshima: mstari wangu mmoja umelaza mfumo mzima! Josia kahangaika asubuhi yote. Nimemsaidia kulaumu intaneti.

Alhamisi, 7 Mei

Specioza, mwenzetu wa dawati la dirishani, kagundua. Akasema pakeji zetu ni kama sisi wenyewe: kila moja inasubiri nyingine ianze kusalimia, kwa hiyo hakuna inayoanza. Josia akatazama chini. Mimi, dari.

Akatoa vile tunavyogombania, majina na kilo, akaviweka kwenye pakeji ndogo ya tatu. Kaiita Msingi. Zote mbili zinaiita. Yenyewe haimwiti mtu. Akawasha.

Wee! Majina, kilo, jumla, vyote vikashuka kwenye kioo. Nimesimama nyuma ya kiti chake mdomo wazi, mwili umenisisimka. Kadude kadogo, hakamjui yeyote, na wote tunakategemea! Nilitaka kulia. Kweli kabisa.

Ijumaa, 8 Mei

Uzuri wote ule, jina langu halimo! Asubuhi nimeongeza kitu kidogo tu: Msingi uiite pakeji yangu, ipate maneno "Kazi ya Januarius".

Wakulima wamejaa. Mama Mektilda kabonyeza. Weupe. Mzee Masele, mwenyekiti wao, kauliza kwa upole kama hiyo ndiyo pamba yenyewe.

Specioza kasema sasa Msingi nao unasubiri kusalimiwa, kaufuta mstari wangu, mfumo ukawaka, vigelegele! Kapewa ukuu wa mradi palepale. Roho imeniuma sana.

Lakini mstari mmoja tu, jamani, nguvu zote zile! Nimekaa nikishangaa mpaka kosa nimeliona: pakeji ya Josia niliiacha nje. Jumatatu nauambia Msingi uiite na hiyo.

Na salamu aanze yeye.